Kihisi na Panya: Maelezo ya Chombo na Jina Lake katika Mbulu na Hanang

Mkulima wa Mbulu au wa Hanang, katika mkoa wa Manyara, hupambana na panya mara tatu kwa mwaka. Mara ya kwanza ni pale mbegu za mahindi zinapofukiwa ardhini, kwani panya huzifukua usiku, na shamba lililopandwa kwa jasho huonekana asubuhi lina vishimo vitupu. Mara ya pili ni pale mahindi yanapoiva. Mara ya tatu ni baada ya mavuno, nafaka ikiwa imekwisha kuingizwa nyumbani au ghalani, ambako panya hula kiasi na kuchafua kiasi kikubwa zaidi. Hata ile mifuko isiyopitisha hewa, iliyobuniwa ili kuwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, haifai kitu panya akiisha kuitoboa. Kwa Tanzania nzima watafiti wamekadiria ya kuwa hasara ya mahindi iletwayo na panya ni baina ya 5 na 15 kwa mia kwa mwaka, na katika mwaka wa mlipuko shamba moja laweza kupoteza karibu mbegu zake zote.

Wala hasara ya chakula siyo ya mwisho. Mbulu ni miongoni mwa wilaya za Tanzania zilizopatwa na tauni katika karne hii, na tauni huenezwa na viroboto wakaao katika manyoya ya panya. Kwa hiyo katika nyanda hizi kujua panya wanapita wapi, saa ngapi, na kwa wingi gani, ni jambo la ghala na la uhai pia.

Siku hizi vimetokea vyombo vidogo vya umeme viwezavyo kutoa habari hiyo kwa gharama ndogo. Maelezo ya vyombo hivyo yameandikwa kwa wingi katika Kiingereza, na machache sana katika Kiswahili. Makala hii yakusudia kueleza jinsi vinavyofanya kazi, na pamoja na hayo kuchunguza majina yake. Kwani inadhihirika ya kuwa chombo cha namna hii kikipewa jina lisilosema kweli, mkulima hukitarajia kufanya kazi kisichoiweza, kisha hukitupa, na pamoja nacho hutupa hata faida ile ambayo kingaliweza kumpa.

Yafaa kwanza kuitazama hali ya lugha mahali penyewe. Mbulu na Hanang ni pahali pa nadra katika Afrika, ambapo lugha za asili mbalimbali kabisa hukutana katika eneo dogo. Wairaqw, walio wengi katika nyanda za juu za Mbulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, na miongoni mwao Wabarabaig wa pande za mlima Hanang, husema lugha ya Kinailoti. Wako pia wasemao lugha za Kibantu, kama Wanyiramba na Wanyaturu. Na katika bonde la Yaeda wako Wahadza, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu. Wasomaji wa taaluma hii watakumbuka ya kuwa W. H. Whiteley, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanzishwa katika Dar es Salaam mwaka 1964, alikuwa amekwisha kuchapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Tangu zamani, basi, uchunguzi wa Kiswahili na lugha za Mbulu vimekuwa majirani.

Katika hali hiyo, Kiswahili ndicho kiungo. Bwana shamba aliyezaliwa Kilimanjaro, muuza pembejeo wa Katesh, mganga wa zahanati na mkulima wa Dongobesh huonana katika Kiswahili, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili. Neno la Kiswahili likiwa na maana ya kupotosha, hakuna neno jingine karibu la kulisahihisha. Hii ndiyo sababu jina la chombo huko lina uzito kuliko mahali ambapo msikilizaji ana lugha moja na muuzaji.

Sasa yafaa kumtazama mnyama mwenyewe. Panya wa mashambani aletaye hasara kubwa kuliko wote ni yule ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike lake laweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja, na kuzaa kwake hufuata mvua, kwa kuwa majani mabichi na mbegu za baada ya mvua humpa nguvu ya kuzaa. Mwaka 1996 Herwig Leirs na wenzake, miongoni mwao wakiwa watafiti wa Kitanzania, walichapisha uchunguzi wao uliofanywa Tanzania, wakaonyesha ya kuwa mvua ikinyesha kwa wingi mapema katika msimu, panya huanza kuzaa mapema, na kizazi kile cha kwanza hupata nafasi ya kuzaa nacho. Hapo ndipo mlipuko huweza kutokea. Maana yake ni kuwa mlipuko waweza kutazamiwa kabla haujafika. Lakini kutazamia kwahitaji hesabu, na hesabu yahitaji mtu wa kuhesabu usiku, wakati watu wamelala. Kazi hiyo ndiyo ifaayo kwa chombo.

Chombo chenyewe, katika umbo lake la chini kabisa, kina sehemu nne. Ya kwanza huguswa na badiliko fulani katika ulimwengu, mathalani joto, mwanga, uzito au mtikisiko, na kuligeuza kuwa badiliko la umeme. Ya pili ni ubongo mdogo wa umeme, unaopokea badiliko hilo na kufuata maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Ya tatu ni nguvu, yaani betri, aghalabu yenye kipande cha sola. Ya nne ni njia ya kutoa habari: taa, kengele, au ujumbe mfupi wa simu. Bei ya vitu hivi imeshuka sana. Katika mwaka 2005, huko Ivrea katika Italia, ulianza kutengenezwa ubao mdogo uitwao Arduino, ambao michoro yake iliachwa wazi ili kila mtu aweze kuunakili. Na tangu hapo mwalimu wa sekondari au fundi wa redio aweza kuunda kwa mikono yake kile ambacho zamani kilikuwa kazi ya maabara. Sehemu ile ya kwanza, yenye kuhisi, mara nyingi hupatikana kwa bei isiyofikia ya jogoo.

Kuna namna tatu za kuhisi zifaazo kuelezwa hapa, kwa kuwa kila moja husema kweli ya aina yake.

Namna ya kwanza hutumia joto. Kila mnyama mwenye damu ya moto hutoa miale ya infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Ndani ya chombo mna vipande viwili vilivyowekwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikitazama upande wake. Mnyama apitapo, joto lake hukigusa kipande cha kwanza kabla ya cha pili, na tofauti ya vipande hivyo ndiyo huamsha umeme. Hapa yapatikana mambo mawili ambayo muuzaji aghalabu hayasemi. La kwanza, panya aliyetulia tuli hahisiwi, kwani vipande vyote viwili hupokea joto lilelile. La pili, paka, kuku na mtoto atambaaye huhisiwa sawasawa na panya, lakini nyoka huenda asihisiwe, maana mwili wake hautofautiani sana kwa joto na ardhi aliyolalia. Tena vyombo hivi viliundwa kwa ajili ya watu, na umbali unaoandikwa juu yake, kama mita 7, ni wa mwili wa mtu. Kwa panya sharti kiwekwe karibu sana, kando ya ukuta, kwa sababu panya wa nyumbani hupenda kupita huku ubavu wake ukigusa ukuta.

Namna ya pili hutumia mwale. Upande mmoja wa njia kuna kitoa mwale, na upande wa pili kipokea mwale. Panya akipita, mwale hukatika, na ubongo wa chombo huongeza moja katika hesabu. Namna hii ni rahisi na ya kuaminika, lakini yahesabu kukatika, haihesabu panya. Panya mmoja aliyepita mara kumi ataandikwa kumi. Na panya wawili waliofuatana kwa karibu wataandikwa mmoja.

Namna ya tatu hutumia uzito. Ubao mdogo huwekwa juu ya kipande cha chuma ambacho hupinda kidogo kinapolemewa, na kupinda kule hupimwa kwa umeme. Panya wa mashambani aliyekomaa ana uzito wa gramu makumi kadhaa. Panya wa darini aweza kupita gramu 100. Na paka ana kilo nzima na zaidi. Kwa hiyo namna hii, ijapokuwa yahitaji uangalifu zaidi, ndiyo iliyo karibu kuliko zote tatu na kumjua mnyama aliyepita.

Chombo chaweza pia kuunganishwa na mtego. Mlango wa mtego hutiwa sumaku ndogo na swichi. Mlango ukifunga, simu ya mwenye mtego hupata ujumbe. Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini kwa Mbulu si dogo. Kiroboto hukaa juu ya panya maadamu mwili una joto; panya akifa na kupoa, kiroboto humwacha na kutafuta mwili mwingine, na katika nyumba mwili mwingine ulio karibu ni wa mtu aliyelala. Mtego wa kuua uliosahauliwa kwa siku mbili nyuma ya magunia waweza, basi, kuleta hatari ile ile uliyotegwa kuiondoa. Kwa sababu hiyo waganga husisitiza ya kuwa mahali penye tauni viroboto wapigwe dawa kwanza, au pamoja na panya, wala panya wasiuawe peke yao; na tena mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Kujua saa ambayo mtego ulifunga ni sehemu ya tahadhari hiyo.

Lipo kundi la mwisho, nalo ndilo linalotangazwa kwa sauti kuu kuliko mengine: vyombo vya kufukuza panya kwa mlio usiosikika na mtu. Msingi wake ni wa kweli. Sikio la mtu halisikii mlio unaopita mitetemo 20,000 kwa sekunde, na panya husikia juu sana ya hapo. Lakini mlio wa namna hiyo hudhoofika upesi hewani, wala haupiti ndani ya gunia au ukuta. Panya aliye nyuma ya gunia yuko kivulini, kama mtu aliyejificha jua. Zaidi ya hayo, mnyama akisikia kila usiku mlio usiomdhuru, huuzoea. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Marekani iliwaandikia watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vyombo hivyo, ikiwaonya ya kuwa madai yao sharti yawe na ushahidi wa kisayansi. Wabunifu wengine wameunganisha mlio na kihisi, ili usikike tu panya apitapo, wakitumaini kuchelewesha mazoea. Fikira hiyo ina busara, lakini kuchelewesha siko kuzuia, na ghala lenye tundu halilindwi na mlio.

Ikiwa hivyo ndivyo vyombo vilivyo, viitweje? Neno linaloenea kwa jumla ni kihisi, na baadhi husema kihisio. Yote mawili yana asili katika kitenzi hisi, ambacho Kiswahili kilikipokea kutoka Kiarabu. Kihisio hufuata mtindo wa kichujio na kizibo, ambapo -o ya mwisho huonyesha kitu cha kutendea. Kihisi ni kifupi zaidi, na kina sifa nyingine itakayoelezwa. Kihisishi hakifai, ijapokuwa husikika, kwa kuwa wanasarufi wamekwisha kukitwaa kwa maneno kama lo! na ah!, na hapana sababu ya kumfanya mwanafunzi afikiri ya kuwa chombo cha ghalani ni aina ya neno.

Sifa ya kihisi ni kwamba chaweza kubeba shamirisho nyuma yake. Kiswahili kina mtindo wa kale wa kuunda jina kwa kutia ki- mbele ya kitenzi na kuweka nyuma yake kile kinachotendwa. Mtindo huu haukuzaliwa ofisini. Kifunguamimba ni mtoto wa kwanza. Kivunjajungu ni mdudu. Kifungua kinywa ni chakula cha asubuhi. Kwa mtindo huo huo yakaja kipimajoto, kipazasauti na kinasasauti, na watu wakayapokea bila shida, kwa kuwa kila jina ni sentensi fupi iliyofungwa. Nao msemaji wa Kiiraqw au Kidatooga, ambaye lugha yake haina ngeli za Kibantu, haoni ugumu mkubwa, maana akijua kitenzi na akijua shamirisho, amejua chombo.

Hapa ndipo jina linapokuwa mwalimu. Mtindo huu humlazimisha mtoa jina kujibu swali moja: chombo chahisi nini? Jibu si panya. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo vilivyoelezwa kihisicho panya. Kimoja chahisi mwendo wa joto, kingine kukatika kwa mwale, kingine uzito. Panya ni hukumu inayotolewa baadaye, ama na mtu, ama na maagizo yaliyotiwa katika chombo na mtu. Kwa hiyo kihisiuzito ni jina la kweli. Kihisipanya ni ahadi. Kwa kile cha joto, kihisijoto chaweza kuchanganywa na kipimajoto, nacho hakisemi lolote juu ya jiko lililotulia. Kihisimwendo ni karibu na ukweli zaidi, mradi maelezo yaongeze ya kuwa ni mwendo wa kitu chenye joto. Na kile cha mwale, kwa kuwa kazi yake ni hesabu, kingefaa kuitwa kihesabumapito. Neno kitambuzi liwekwe akiba kwa chombo ambacho kwa hakika hutofautisha mnyama na mnyama, kama kamera iliyofundishwa kwa picha nyingi.

Tofauti hizi si upuuzi wa wanaisimu. Chukua mfano wa bwana shamba amwambiaye mama mwenye ghala, «Mama, chombo hiki kitaona panya.» Usiku wa kwanza simu yalia mara sita, na kila mara ni paka. Usiku wa saba mama azima simu. Usiku wa nane panya waingia. Lau angaliambiwa, «Mama, chombo hiki kitakuambia kuna kitu cha moto kimepita hapa, wewe ndiwe utakayejua ni nani,» angalimfungia paka upande mwingine, na habari ya chombo ingalikuwa na maana.

Kiswahili kimekwisha kupata hasara ya namna hii mara moja, katika neno dawa ya panya. Dawa ni neno la kuponya. Unga mweusi wa fosfidi ya zinki, ambao huuzwa kwa jina hilo, hutoa gesi ya sumu unapokutana na asidi ya tumboni, na hufanya hivyo katika tumbo la mtoto au la kuku sawa na katika tumbo la panya. Neno limekwisha kukaa katika lugha, wala halitang'oka kwa amri. Lakini kwa vyombo vipya lugha bado ina nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo haikai muda mrefu.

Isidhaniwe ya kuwa kuhisi kwa chombo ni jambo geni kabisa. Majivu yaliyotandazwa mlangoni jioni, yasomwayo nyayo asubuhi, ni kihisi: yanapokea badiliko na kuliweka mpaka msomaji aje. Mfano mwingine ni wa ajabu zaidi. Huko Morogoro, shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limefundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya huyo hasemi «bomu» wala «kifua kikuu». Hutoa ishara ya harufu, na hukumu huachiwa watu na maabara. Yeye mwenyewe ni kihisiharufu, na waalimu wake hawakumdai zaidi ya hapo. Ndiyo maana kazi yake imefaulu.

Faida kubwa ya vyombo hivi haitaonekana katika ghala moja. Mkulima awaondoaye panya shambani mwake peke yake hupata wageni kutoka shamba la jirani baada ya muda mfupi. Kwa hiyo udhibiti wa panya hufaa ukifanywa na kijiji kizima kwa wakati mmoja, hasa kabla ya kupanda. Ili wakubaliane wakati, hawana budi kulinganisha hesabu zao. Na hesabu haziwezi kulinganishwa ikiwa mmoja aandika mapito, mwingine aandika panya, na wa tatu aandika milio ya simu. Ujumbe usemao «Panya 14» wadai jambo lisilojulikana. Ujumbe usemao «Mapito 14 usiku huu, jana 5» ni mfupi vilevile, ni wa kweli, nao wamtosha mwenyekiti wa kijiji kuitisha mkutano.

Basi kazi ya wanalugha katika jambo hili ni ndogo lakini haina mwingine wa kuifanya. Si kuunda maneno mengi, bali kuhakikisha ya kuwa machache yaliyopo yanagawanywa kwa haki: kihisi kwa kinachohisi, kihesabu kwa kinachohesabu, kitambuzi kwa kinachotambua, na kifukuzi kwa kile ambacho kimethibitishwa kufukuza. Mpaka uthibitisho huo upatikane, neno la mwisho lingojee. Na katika Mbulu na Hanang tundu la ghala lizibwe kwa bati, paka apewe nafasi yake, na chombo kipewe kazi ya kusema tu kile kilichokigusa.